Uzi wa Vipimo wa Mama Mkwe

Sehemu ya mama mkwe wangu niliyoijua vizuri kuliko zote ni miguu yake, kuanzia vifundo kushuka chini. Pazia la mlango wake wa ndani, pale kwake Muleba, lilikuwa fupi, na desturi yetu ya ukwe ni ndefu. Mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hampi mkono, hali naye sahani moja, wala hamtazami usoni akiweza kuepuka. Kwa hiyo mimi nilikaa sebuleni, yeye akakaa nyuma ya pazia, na tukazeeka hivyo, tukiongea na kitambaa chenye maua ya njano.

Nilijifunza kusoma visigino. Vikielekea dirishani, mazungumzo yamemchosha. Vikikutana pamoja, anasali au anahesabu mayai. Kidole gumba kikiinuka, jiandae, maana umesema kosa na linakuja kusahihishwa.

Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya wasichana mpaka alipostaafu. Baada ya kustaafu aliendelea kuwa mwalimu wa baiolojia, ila sasa hapakuwa na kengele ya kumnyamazisha.

Wapo wanaopenda mpira, wapo wanaopenda siasa. Yeye alipenda tezi ya thairoidi. Ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, yenye umbo la kipepeo, nayo ndiyo huamua mwili wako uende mbio au ujikokote. Kwa nini aliichagua hiyo akaacha moyo na ubongo, nilimuuliza mara moja. Alisema moyo una mashabiki wa kutosha.

Akikutana na mtu barabarani, alimtazama shingo kwanza, kisha ndipo anamsalimu. Wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, walimjua na kubadilisha njia wakimwona. Aliwahi kwenda msibani kisiwani Bumbire, na boti lilipofika katikati ya ziwa akasimama, akawaomba abiria wote wainue videvu na kumeza mate kwa pamoja ili aone. Wakatii, maana alikuwa na sauti ya darasani. Boti likayumba.

"Mama, kaa chini!" nahodha akapiga kelele. "Shingo tutazikagua nchi kavu!"

"Nchi kavu mnakimbia," akamjibu.

Kwenye sherehe alikwenda na chumvi yake ndani ya mkoba, kwenye kopo lenye mfuniko. Aliingia jikoni kwa watu, akanusa chumvi yao, na akiikuta kwenye bakuli wazi karibu na moto aliimwaga bila kuomba ruhusa, kwa sababu madini joto yaliyotiwa humo kwa ajili ya tezi yanapotea. "Chumvi ya wazi," alikuwa akisema, "ni mchanga wenye majivuno." Mke wangu alilia mara mbili katika ndoa yetu, na mara moja ilikuwa kwa sababu ya kopo la chumvi.

Mjukuu wake mmoja alisomea udaktari Mwanza, na likizo moja akasahau kwa bibi yake kitabu kinene cha habari za jeni. Hakukiona tena. Bibi alikisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi, ukurasa mmoja asubuhi, ukurasa mmoja jioni, kwa sauti. Majirani walidhani ni lugha za Roho.

Huyu huyu, aliyewafundisha wasichana wa Muleba kwamba jambo lisilo na ushahidi ni hadithi, hakuwahi kunipa mkono. Hakuwahi hata kunipitia mbele. Akinikuta njiani aliingia kwenye kibanja cha mtu yeyote na kusimama nyuma ya mgomba mpaka nipite, nami nikapita nikitazama mawingu, tukasalimiana hivyo: yeye kwa mgomba, mimi kwa mbingu. Siku moja nilimtuma mke wangu amuulize kama kweli anaamini mambo ya ukwe. Kidole gumba kikainuka.

"Mwambie mumeo," akasema nyuma ya pazia, "sayansi haijakataza adabu."

Simu za mkononi zilipoingia alitafakari wiki nzima kama zinaruhusiwa. Akaamua kwamba simu ni mlango mrefu tu, kwa hiyo tunaweza kuongea. Lakini mjukuu mmoja alipompigia kwa video kutoka kwangu bila kutuonya, na nyuso zetu zikatokea kwenye kioo, mimi niliirusha ile simu kwenye beseni la maji, na yeye, kwa habari nilizopata, aliikalia ya kwake.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kagondo, na nimevalisha nusu ya kata ile, wengine vizuri. Ndoa yangu ilinipa tatizo ambalo mafundi wengine hawalijui: mteja wangu mkubwa hakupimika. Mama Mkwe hakutaka fundi mwingine, kwa sababu mkwe akiwa fundi halafu ukashonewa na mtu mwingine, umemtukana. Na mimi kumzungushia futi mama mkwe wangu kiunoni, ni afadhali nijizungushie mwenyewe shingoni nijinyonge.

Suluhisho alilibuni yeye. Alijipima mwenyewe kwa uzi wa katani, akafunga fundo kwa kila kipimo, vyote vikihesabiwa kutoka ncha moja. Fundo la kwanza ni shingo, la pili mabega, la tatu kiuno, la nne kifua, la tano nyonga, na mwisho wa uzi ni urefu wa gauni. Alimpa kondakta wa basi la Bukoba uzi huo ukiwa umeviringishwa kwenye jani la mgomba, na kondakta aliniletea kwa heshima kama analeta dawa. Nikimaliza gauni, nilitundika uzi kwenye msumari ukutani. Sijui kwa nini nilizitunza nyuzi zile. Fundi hatupi uzi.

Nikizikumbuka nguo zile naona jinsi alivyobadilika, na jinsi sisi wote tulivyokuwa na maelezo. Kanisani, kwenye kwaya ya Kilutheri, alianza sauti ya kwanza. Baadaye akahamia ya pili. Baadaye ya tatu, mpaka akakaa bega kwa bega na wanaume, akinguruma. Mwalimu wa kwaya alisema ni umri, yeye alisema ni kipawa. Shingoni alivaa kitambaa, hata juani, akasema mwalimu mstaafu ana haki ya kuona baridi. Matoke alianza kuyakata vipande vidogo kama vya mtoto, na kila tonge akalishushia maji. Ndizi za siku hizi ni kavu, alisema, na akailaumu mvua. Tukailaumu wote. Bukoba mvua haikosi lawama.

Lakini naruka. Kabla ya hayo kulikuwa na habari ya mikono yangu.

Ilianza msimu wa senene. Tulikuwa tumembatiza mtoto wetu wa mwisho, na Mama Mkwe alikuja Kagondo akaketi jikoni, mlango ukiwa umefungwa nusu, sisi wanaume tukiwa sebuleni. Mtu mmoja asiye na akili akaweka ungo wa senene wa kukaanga palepale kizingitini, katikati ya vyumba viwili. Mama Mkwe aliwapenda senene kuliko kitu chochote chenye miguu. Nami pia. Nilinyoosha mkono bila kutazama, naye akanyoosha wa kwake bila kutazama, na vidole vyetu vikakutana katikati ya senene.

Ungo ulimwagika. Yeye alipiga ukelele mfupi, mimi mrefu.

Aliyeona yote ni Shangazi yangu. Huyu alikaa Uganda ujana wake wote, na alirudi na masanduku mawili, kabati, na imani moja: kwamba mtu akimgusa mama mkwe wake, mikono yake itatetemeka mpaka aingie kaburini. Alinitazama vidole, akatikisa kichwa.

"Umekwisha, mwanangu," akasema, akaanza kuokota senene.

Nilicheka. Miezi michache baadaye mikono ikaanza kutetemeka.

Haikuwa mzaha tena. Nilikuwa nakula sahani mbili na kuomba ya tatu, na suruali inaanguka. Nilitoka jasho katika mvua ya Bukoba. Moyo ulidunda kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa, na usingizi ukanikimbia. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano. Mwinjilisti nilimshonea suruali yenye mifuko miwili upande mmoja. Mtoto wa shule alipewa sare ambayo mkono wa kushoto ulitokea kifuani. Mama mmoja alileta kitenge akarudishiwa kitu ambacho mpaka leo hatujakubaliana ni nini. Wateja wakaanza kupita mbele ya kibanda wakitazama mawingu, kama mimi na Mama Mkwe. Na mimi sikuwa na kazi nyingine ninayoijua, wala nguvu za jembe.

Shangazi akaleta mizizi ya kunywa. Nikanywa. Akasema inatakiwa mbuzi, na maji ya kuoga yenye majani. Nilikuwa natafuta mbuzi mke wangu alipompigia mama yake simu kwa siri.

Mama Mkwe alifika na basi la asubuhi. Akaingia jikoni, akafunga mlango, na kabla hajapewa maji akaanza.

"Mwambie mumeo ainue kidevu. Kisha wewe umshike shingo. Mkono utakuwa wako, akili itakuwa yangu."

Mke wangu akanibana.

"Mama, kipo! Kikubwa kama yai!"

"Kigumu?"

"Kama jiwe!"

Nikaona kivuli cha visigino chini ya mlango kikisogea.

"Hicho ni kikoromeo changu," nikasema. "Nimekua nacho."

"Mwambie asinijibu moja kwa moja," akasema Mama Mkwe. "Na wewe, binti yangu, hicho kila mwanaume anacho. Shuka chini yake. Tafuta kitu laini. Mwambie ameze mate. Kile laini kikipanda na kushuka pamoja na mate, ndicho chenyewe."

Nilimeza mate mpaka yakaisha. Mke wangu alirudi kwenye kikoromeo kila mara, kama mbuzi anayerudi kwenye shamba la jirani. Hatimaye akasema labda, pengine, kuna kitu laini kilichojaa. Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni na mizizi yake mapajani, akasema kitu hicho ni woga.

"Basi sikilizeni," akasema Mama Mkwe, na kutokana na sauti nilijua kidole gumba kiko juu. "Mwambie mumeo kwamba kila seli ya mwili wake ina kitabu kizima cha maagizo. Seli ya ini, ya kisigino, ya shingo, kitabu ni kilekile."

"Mama anasema kitabu ni kilekile," akarudia mke wangu.

"Nimesikia. Mlango ni wa mbao."

"Sasa kama kitabu ni kilekile, kwa nini kisigino hakitengenezi homoni inayotengenezwa shingoni?"

"Kwa sababu kiko mbali," akasema Shangazi.

"Kwa sababu hakuna aliyekifungulia ukurasa! Jeni ni ukurasa. Nao una mlango, kama nyumba ya ukweni. Hodi ya mtu mmoja haiufungui. Shangazi, mlipokuja kumposa binti yangu mlikuja wangapi?"

"Wanne," Shangazi akajibu, akichangamka, maana siku ile aliipenda. "Mshenga, mzee wa ukoo, mimi, na aliyebeba kibuyu cha lubisi."

"Mshenga angekuja peke yake?"

"Ungemwacha uani."

"Na mwenye pombe peke yake?"

"Ungeipokea lubisi ukafunga mlango. Tulikujua."

"Haswa! Wanne pamoja, mlango ukafunguka. Sasa ndani ya seli za tezi kuna protini ambazo kazi yake ni kukaa mwanzoni mwa jeni na kuiwasha. Zipo nyingi, lakini wakubwa ni wanne. Majina yao ya kitabuni yana herufi na namba, mimi nawaita Paksi wa Nane, Nikisi, Foksi na Heksi. Hakuna aliyeajiriwa na shingo peke yake. Paksi wa Nane ana kazi kwenye figo. Nikisi anaonekana kwenye mapafu. Ni kama mshenga wenu, ambaye kesho yake alikuwa msibani na keshokutwa kwenye ubatizo. Lakini mahali pekee ambapo wote wanne wanakutana ni kwenye tezi hiyo. Wakikutana, kurasa zinafunguka: ukurasa wa kuvuta madini joto kutoka kwenye damu, ukurasa wa protini kubwa ambayo homoni inajengwa juu yake, ukurasa wa kimeng'enya cha kuunganisha madini hayo na protini hiyo."

"Mama anasema mko wanne," akasema mke wangu.

"Na akikosekana mmoja?" nikauliza, nikasahau kupitia kwa mke wangu. Naye akasahau kunikemea.

"Tezi haijengeki vizuri tangu tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa na tezi ndogo, au bila tezi kabisa." Akashusha sauti. "Nimefundisha wasichana niliowaita wazembe, kabla sijakisoma kitabu cha mjukuu wangu."

"Na mimi nimemkosa yupi?"

"Wewe hujamkosa yeyote, kwako wanafanyishwa kazi kupita kiasi. Ubongo ndio unaopaswa kupiga hodi kwenye tezi, kisha unanyamaza ili tezi ipumzike. Nadhani damu yako imetengeneza kinga inayoigiza hodi ya ubongo. Inagonga asubuhi, inagonga usiku, haichoki. Kurasa hazifungwi. Ndiyo maana moyo unakimbia, nyama zinayeyuka, mikono inacheza. Lakini hilo ni dhana ya mtu aliye nyuma ya mlango. Aende hospitali apimwe damu. Kesho."

Shangazi akainuka, akakung'uta gauni.

"Mimi nilisema kitu kimoja kisichoonekana, mkanicheka," akasema. "Mwalimu anasema vinne, mnatikisa vichwa."

Kisha nikasikia kitu ambacho sijakisikia tena: Mama Mkwe akicheka mpaka akakohoa.

Nilikwenda hospitali mjini Bukoba. Damu ikasema aliyoyasema Mama Mkwe. Nikapewa vidonge, nikavimeza kila siku, na polepole moyo ukatulia, suruali ikashika kiuno, uzi ukaliona tundu la sindano. Mwinjilisti nilimshonea suruali nyingine bure.

Lakini kuna jambo la kijinga nililolifanya, na naliandika kwa sababu yeye hakuliacha liende. Wiki ileile niliyoanza vidonge, nilimchinja mbuzi wa Shangazi na kuoga yale majani. Nilijiambia kwamba mbuzi hagombani na kidonge. Habari zikafika Muleba, maana habari za nyama hufika. Simu ikaita.

"Vidonge ulianza lini?"

"Jumatatu, Mama."

"Na mbuzi?"

"Jumatano."

Nikasikia akipumua.

"Umeniharibia jaribio," akasema, akakata simu, na hakuongea nami mpaka Pasaka ilipopita.

Alikuwa na haki. Mpaka leo Shangazi anasema mbuzi ndiye aliyeniponya, na mimi sina ushahidi wa kumfunga mdomo. Nikiulizwa nimeponaje, najibu kwa kumtazama aliyeuliza. Kwa wasomi nasema vidonge, kwa wazee nasema mbuzi. Kwa wateja nilikuwa nikisema kuna wakwe wanne wanaishi shingoni mwangu, mpaka mmoja akahamia kwa fundi mwingine.

Sasa nirudi kwenye zile nyuzi.

Juzijuzi yule mjukuu wa kitabu, ambaye ni daktari kamili sasa, alitangaza harusi. Mama Mkwe akataka gauni. Uzi ukaja na basi, ndani ya jani, kama kawaida. Nikaunyoosha mezani, nikaweka futi, na fundo la kwanza halikuwa mahali pake.

Nikaenda kwenye msumari. Nikazitoa nyuzi zote, nikazilaza sambamba. Kiuno kilikuwa kimepungua, kama kwa wazee wote. Mabega yalikuwa yaleyale. Ni fundo la shingo tu lililotembea kwenda mbele, uzi hadi uzi, kama siafu wanaohama, na safari hii lilikuwa limeruka.

Sikushangaa kama nilivyopaswa kushangaa, kwa sababu nilijua. Kwenye gauni la Krismasi nililiona. Kwenye gauni la kabla yake pia. Nilipanua kola nikanyamaza, nikasema mkwe mwenye adabu hazungumzii mwili wa mama mkwe wake, nikajisikia mtu mwema. Mwanamke aliyekagua shingo za Muleba nzima na boti moja la Bumbire alikuwa anavimba shingo, na aliyejua ni mimi na msumari.

Tukaenda Muleba, mimi na mke wangu, na Shangazi, ambaye haachwi pakiwa na safari. Nikaketi sebuleni. Visigino vilikuwa pale chini ya pazia, vimezeeka, vimepasuka.

"Mama," nikasema moja kwa moja. "Shingo yako imekua."

Kidole gumba hakikuinuka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Uzi umevutika," akasema kwa ile sauti ya tatu. "Nyuzi za siku hizi ni za plastiki."

"Umevutika kwenye shingo tu?"

Visigino vikaelekea dirishani.

"Nimezileta zote," nikasema, nikazipitisha chini ya pazia.

Nikasikia akizipanga sakafuni. Alizipanga muda mrefu, kama mtu anayesahihisha mtihani anaoujua.

"Mama, nifungulie kitambaa nikushike," mke wangu akasema.

"Wewe utanishika kikoromeo, na mimi sina." Kisha, taratibu: "Binti yangu huna vidole, una vijiko. Huku ndani anatakiwa mtu anayejua robo ya inchi kwa kugusa." Visigino vikageuka. Mara ya kwanza katika maisha yangu, vidole vya miguu vikaelekea kwangu. "Aingie fundi."

"Atatetemeka!" Shangazi akapiga kelele. "Mwalimu, tulimaliza mbuzi mzima!"

"Safari hii hachinji kitu," akasema Mama Mkwe. "Nataka jaribio safi. Fundi, leta futi."

Nikasogeza pazia. Sitaeleza uso wake, adabu ni adabu. Nitasema tu kwamba alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na kwamba alifumba macho, nami nikatazama dari. Akakifungua kitambaa. Nikazungusha futi kwa mikono ambayo siku zile haikuweza kushika sindano, nikaweka vidole viwili chini kabisa ya koo, mahali ambapo gauni lingefungwa kifungo. Mikono haikutikisika. Shangazi alikuwa ameinama mlangoni anaitazama kwa karibu, akisubiri.

"Mama," nikasema, "meza mate."

Akameza. Kwa shida, lakini akameza. Kitu laini, kikubwa kuliko nilichokitarajia, kikapanda chini ya vidole vyangu, kisha kikarudi.

"Kimepanda?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Kimepanda."

"Na kimeshuka?"

"Kimeshuka, Mama."

"Ndicho chenyewe," akasema, kwa furaha ya mwalimu aliyengoja sana jibu kutoka nyuma ya darasa. "Miaka yote hii. Hatimaye umeelewa."

Mjukuu alisogeza mbele harusi akampeleka bibi yake Mwanza. Wakautoa uvimbe, wakaupima, haukuwa ule mbaya. Kwenye kwaya amerudishwa sauti ya pili na analalamika kwamba huko hakuna wanaume. Matoke anakula bila maji, na mvua imesamehewa.

Tangu siku ile hatujakaa tena chumba kimoja. Nilipokwenda kumpa pole, pazia lilikuwa limeshushwa, na mtu ameliongezea pindo mpaka sakafuni, hata visigino sivioni. Wiki iliyopita kondakta wa basi aliniletea jani la mgomba. Nikaunyoosha uzi juu ya meza karibu na ule wa kwanza kabisa, wa mwaka niliooa, na fundo la shingo likalala sawasawa na fundo la shingo.

"Kuna na ujumbe," akasema kondakta, akajiweka sawa ili asikosee. "Mwalimu anasema: mwambie fundi uzi huu haukuvutika."